Mguu wa Monsieur Fernand

Monsieur Fernand Cuvelier alikuwa na mguu mmoja na nusu, na habari za nusu iliyokosekana zilijulikana na kila mtu aliyewahi kupanda naye lifti ya jengo lao pale Forest, mtaa wa Brussels. Mleta barua alizijua. Mama wa Kireno aliyesafisha ngazi alizijua mpaka akawa anajifanya kiziwi. Mguu ulikatwa chini ya goti mwaka 1951, katika vita vya Korea, ambako Fernand, kijana wa mchimba makaa ya mawe, alikwenda kwa kujitolea kwa sababu kwao hakukuwa na kitu ila mvua na shimo la baba yake. Alikanyaga bomu la kutegwa, na daktari wa jeshi akamalizia. Alipozinduka hakuonyeshwa mguu wake wala hakuambiwa umewekwa wapi, na hilo ndilo lililomkaa rohoni miaka sitini.

"Mbwa wa binti yangu ana kaburi kule Uccle, lina na jiwe!" alikuwa akifoka. "Mguu wangu je? Mguu wa askari? Wameutupa wapi?"

Serikali ya Ubelgiji ilimpa nishani, pensheni na mguu wa mbao. Kisha, kwa kuwa kilema mwenye hasira ni mzigo popote alipo, ikampa na ardhi, mbali kabisa na macho yake: shamba kubwa katika koloni lake la Kongo, huko Katanga, karibu na Likasi, mji ambao enzi hizo wenyewe wenye nguvu waliuita Jadotville. Ardhi ilikuwa ya nani? Fernand hakuuliza. Mtu aliyelia maisha yake yote kwa kukatwa kipande cha mwili hakuuliza hata siku moja kile kipande cha nchi kimekatwa kwa nani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hayo wamesema wahenga, na walimsema huyu huyu.

Akamwoa Marie-Jeanne, akalima mahindi, akafuga nguruwe wa kulisha wachimba shaba, akamzaa Cécile. Miaka ishirini alikuwa bwana. Alizunguka shambani juu ya pikipiki, mguu wa mbao umenyooshwa pembeni, na vijana wakiusikia mlio wa pikipiki walishika majembe kwa bidii ambayo hawakuwa nayo dakika moja kabla. Mwaka 1973 serikali ya Zaire ikayachukua mashamba ya wageni. La kwake akapewa mkubwa mmoja wa chama, akawala nguruwe wote, akaliachia pori. Fernand akarudi Brussels na mke, mtoto, masanduku mawili na chungu kimoja cha udongo. Chungu kikawekwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu, kikapandwa maua mekundu, na hapo mzee akakaa akiyatazama mapaa ya kiwanda cha magari na kumlaani kila mtu.

Marie-Jeanne akafa. Cécile akaolewa Uccle, kwenye nyumba yenye bustani, akawa anakuja Jumapili na keki. Uzee ulipomwingia vizuri, Fernand akaanza kuwafokea wasaidizi wa nyumbani kwa Kiswahili. Mpolandi alikimbia, Mmoroko alikimbia, na Mbelgiji mmoja aliyejigamba kuwa amewashinda vichaa hakumaliza wiki. Cécile akaiambia kampuni ya wasaidizi: nitafutieni mtu wa Katanga, labda atatulia.

Ndipo akaja Mwadi. Hiyo ilikuwa mwaka 2008. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Likasi, aliyekuwa akiishi juu ya duka la nywele za bandia kwenye Chaussée de Wavre. Hajavua hata koti, mzee akamtolea sauti ya enzi zake:

"Weye! Leta mayi moto! Mbio!"

Mwadi hakuyakimbilia maji, akatundika koti lake taratibu. "Monsieur, mayi itakuya ikipata moto. Na miye niko na jina. Njo Mwadi."

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze. Alikuwa amezoea Kiswahili kimtetemekee, si kimjibu. Kuanzia hapo akamkubali, kwa namna yake ya kukubali mtu, yaani alimtukana kidogo kuliko wengine.

Wiki ya pili, Mwadi akiwa amepiga magoti anaosha kile kigutu, mzee akawa anasimulia shamba lake. Akataja mto, akataja mlima, kisha akataja Kilungwe. Mkono wa Mwadi ukasimama na sabuni ndani ya maji.

Kilungwe ni kijiji cha mama yake. Au kilikuwa. Mama yake, Maman Alphonsine, alikuwa na miaka kumi na miwili lori lilipokuja kuwabeba na vyombo vyao na kuwamwaga ng'ambo ya pili ya barabara, kwa sababu mzungu mmoja mwenye mguu wa mti amepewa mahali pale. Nyumba walivunja wakabeba miti. Makaburi hawakuweza kubeba. Na katika makaburi yale alikuwamo mama mzazi wa Alphonsine, aliyezikwa mwaka mmoja tu kabla. Jina lake Mwadi.

Sasa elewa. Kwao, ukipewa jina la marehemu, umepewa na kazi. Wewe ni wajina wake. Kila mwaka kabla ya mvua unakwenda kulifagia kaburi, unamwagia maji, unamwambia habari za nyumbani. Ndiyo maana Maman Alphonsine hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Alimwita "mama," kwa sababu alikuwa mama yake amerudi. Mwadi alipokuwa mdogo alipelekwa mara moja tu kuifanya kazi yake. Walifika kwenye seng'enge, mlinzi akawafungulia mbwa. Maman Alphonsine akayamwaga maji pale pale barabarani, nje ya seng'enge, wakarudi nyumbani. Mzungu alipoondoka walirudi kutafuta, lakini trekta lilikuwa limepita juu ya nchi ile miaka ishirini. Hapakuwa na alama. Ni udongo mwekundu na magugu.

Jumapili ile Mwadi akampigia mama yake simu.

"Ule ule?" mama akauliza. "Wa muguu ya muti?"

"Ule ule, mama."

Mwadi alidhani mama atamwambia aache kazi, au amtemee mzee mate kwenye chakula. Mama akasema: "Bon. Basi umuulize mama yangu iko wapi. Sitaki kitu ingine kwa ule muntu. Anionyeshe tu mahali, nimuage mbele ya kufa."

Lakini Mwadi hakuuliza mara moja. Alisubiri apate pa kuanzia, na pa kuanzia akapapata kwenye kibaraza.

Ilikuwa Aprili. Alikuwa anabadilisha udongo wa yale maua. Akakigeuza chungu, akakigonga, udongo ukatoka, na pale chini akaona tundu. Si tundu la mfinyanzi. Lilikuwa limetobolewa kwa jiwe chungu kikiwa kimeshaokwa, kingo zake zimemeguka. Mwadi akakiweka chini haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Mwanamke wa Kilungwe akifa, mtungi wake wa maji huwekwa juu ya kaburi, upande wa kichwa. Na kabla ya kuwekwa hutobolewa, ili ufe pamoja naye na pasiwe na mtu hai wa kuutamani. Mtu wa kule hawezi kukiokota chungu cha namna hiyo hata awe anakufa kwa kiu. Fernand yeye alikiona akafurahi: tazameni, kimeshatobolewa tayari kwa maua!

"Monsieur," Mwadi akaingia nacho sebuleni. "Hiki ulikitoa wapi?"

"Cha makaburini hicho," mzee akajibu bila hata kukunja uso. "Vilikuwa vingi, vyote na tundu. Marie-Jeanne alivipanga barazani akavipanda maua. Ilipendeza sana. Vingine vimevunjika."

"Ulijua ni vya makaburini?"

"Ala! Kwani wafu wanateka maji?"

Mungu amsamehe Mwadi, maana hapo ndipo alipokosea. Angeuliza kijanja, angezunguka. Lakini moyo ulikuwa umemjaa, akasema kweli yote. "Bibi yangu alizikwa pale. Jina langu ni lake. Monsieur, niambie makaburi yalikuwa upande gani."

Mzee akamtazama. Kitu kiliingia machoni mwake, na haikuwa huruma. Mzee yule alikuwa amekimbiwa na kila mtu aliyelipwa kukaa naye, na sasa mbele yake alikuwa amesimama mtu mwenye sababu ya kutokimbia.

"Nikikuambia utaondoka," akasema.

"Siondoki."

"Utaondoka. Ngoja. Kichwa changu kimezeeka. Nitakumbuka polepole."

Na polepole akakumbuka, kwelikweli! Mara ya kwanza Mwadi aliposema amechoka kutukanwa, anaacha kazi, mzee akakumbuka kwamba makaburi yalikuwa karibu na kichuguu. Mwadi akarudi kesho yake na kumpigia mama yake simu kwa furaha.

"Kichuguu gani?" mama akauliza. "Kule bichuguu biko sawa nywele ya kichwa!"

Na ni kweli. Nchi ile ina vichuguu virefu kuliko nyumba, kila unakotupa jicho. Mwadi akangoja. Mwaka uliofuata kampuni ikataka kumhamishia kwa bibi mmoja mpole, kitongoji jirani, bila matusi wala kigutu. Mzee akakumbuka kwamba kile kichuguu kilikuwa ng'ambo ya kijito. Mwadi akamkataa bibi mpole. Maman Alphonsine alipolazwa kwa ugonjwa wa moyo na Mwadi akaja kazini analia, mzee akakumbuka na mawe meupe.

Jirani wa Mwadi, Zulekha, Mtanzania, mke wa dereva wa ubalozi, alikuwa akimwambia waziwazi: "Dada, huyo mzee anakuchezea shere. Achana naye."

"Nikimwacha, nani ataniambia?"

"Na asipokwambia je? Mwana wa watu, utamwosha huyo mpaka lini?"

Kesho yake Mwadi akarudi Forest. Alimwosha. Alimlisha. Alimpaka mafuta kile kigutu wakati wa baridi, kilipokuwa kikimuuma mpaka anauma mto, na siku hizo za maumivu mzee alilia kama mtoto na kumuuliza yeye, Mwadi, mguu wake uko wapi. Mguu unaniuma, alisema, unaniuma huko uliko, ningejua mahali ningepata usingizi. Na Mwadi, yeye wa kuulizwa hilo, alimshika mkono mpaka akalala. Nani mwingine katika Brussels nzima angemwelewa?

Novemba 2011 kukawa na chakula cha mchana cha wazee waliopigana Korea, ukumbini mjini. Mwadi akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, nishani zimemjaa kifuani. Wazee walikuwa wachache, wengine hata uma hawakuweza kushika. Ilipofika kahawa, Fernand akaanza wimbo wake: serikali wezi, miaka sitini nauliza, mguu wangu umezikwa wapi.

Mezani alikuwapo mzee mmoja kwa jina Anaclet, aliyekuwa muuguzi wa jeshi kule kule. Alikuwa ameusikia wimbo ule kila mwaka na kila mwaka alikuwa amenyamaza. Siku ile akaweka kikombe chini.

"Fernand, inatosha. Haikuzikwa. Tulikuwa tunaichoma. Miguu, mikono, yote, kila jioni, kwenye pipa, kwa petroli. Mimi ndiye niliyekuwa nachochea. Hakuna mahali, rafiki yangu. Hapajawahi kuwapo."

Mtu mmoja akaomba sukari, hakupewa. Fernand akakisukuma kikombe chake mbali, akaomba arudishwe Forest.

Nyumbani Mwadi akamvua koti, akamvua nishani, akamfungua ule mguu wa bandia. Uso wa mzee ulikuwa umesawijika.

"Hakuna mahali," akasema.

"Pole, Monsieur," Mwadi akamwambia, na alimaanisha, Mungu shahidi. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mtu yule.

"Hata wa kwako."

"Nini?"

"Bibi yako. Sijui alipo. Sikujua hata siku moja." Hakuwa anamtazama. "Shamba lilipofyekwa sikuwapo. Nilikuwa hospitali, kigutu kimeoza. Aliyeendesha trekta ni msimamizi wangu, Mwitaliano, amekufa zamani. Niliporudi nchi ilikuwa nyekundu na tambarare kama meza, na vyungu vimepangwa barazani. Sikuona hata kaburi moja."

Mwadi alikuwa bado ameupakata ule mguu wa bandia. "Na kichuguu?"

"Kule vichuguu viko kila mahali."

"Na kijito? Na mawe meupe?"

"Ungeondoka," mzee akasema.

Basi hapo ndipo ilipomtoka Mwadi hasira ya miaka mitatu, na si ya mitatu tu. Na ile ya seng'enge na mbwa. "Mama yangu ni mugonjwa! Kila Jumapili ananiuliza! Kila Jumapili, weye muzee, ninamupelekea bongo yako, uwongo yako, sawa zawadi!" Aliutupa mguu kitandani. Akaenda kibarazani, akang'oa maua, akarudi akakikung'uta chungu katikati ya zulia, udongo ukamwagika mpaka chini ya kiti cha mzee.

"Mwizi!" mzee akapiga kelele. "Rudisha! Ni changu!"

"Ita polisi. Uwaambie mweusi amekuibia chungu chako cha maua." Alimsogezea simu mpaka mkononi, kwa sababu hata katika hasira hakuweza kumwacha mlemavu bila simu. Akampigia Cécile, akamwambia aje kwa baba yake. Kisha akatoka.

Kwenye tramu alikaa na chungu mapajani, kimefunikwa na skafu. Simu ikalia. Ilikuwa Jumapili.

"Mama," sauti ya Maman Alphonsine ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelala. "Amesema?"

Mwadi alikuwa ameuona uso wa mzee pale mezani mtu alipomwambia kweli. Miaka sitini, na kweli ilimla kwa dakika moja. Alimchukia mzee yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na bado uso ule haukumtoka.

"Amesema, mama."

"Eeh, Yesu wangu! Ni wapi?"

"Ng'ambo ya kijito. Kichuguu ya kwanza, ukishavuka. Upande wa mawe meupe." Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri, yote kazi ya Fernand. Hakulazimika kutunga hata moja. Upande wa pili mama yake alikuwa analia na kumshukuru Mungu, na akamwambia amshukuru pia mzee yule, maana si mubaya kabisa, mwisho amesema kweli. Mwadi akasema atamshukuru.

Hakurudi tena Forest. Fernand akafa Januari, mikononi mwa wageni, na akazikwa Uccle kwa bendera na tarumbeta. Cécile alimwalika Mwadi na kumkumbusha kwa adabu kuhusu chungu, kwamba kilikuwa kumbukumbu ya baba. Mwadi hakwenda wala hakujibu. Chungu kilikuwa kimeshaondoka. Numbi, mtu wa kwao aliyekuwa anakwenda Likasi kwa harusi ya kaka yake, alikibeba mkononi ndani ya ndege, kimezungushiwa vitenge viwili. Maman Alphonsine, ambaye macho yake yalikuwa na utando kwa miaka mingi, alikipapasa akasema ni chenyewe, ni cha mama yake. Kama kilikuwa chenyewe au cha marehemu mwingine wa Kilungwe, hakuna anayejua.

Ilikuwa mchana wa mwezi wa tano, mvua zimekwisha kule. Mwadi alikuwa Chaussée de Wavre ananunua unga, watu wanapishana, muziki unatoka kila duka. Simu ikalia.

"Mama, tumefika!" Sauti ya Maman Alphonsine ilikuwa na nguvu ambayo Mwadi hakuwa ameisikia kwa miaka. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wanaimba. "Mujukuu Dady na benzake banafyeka tangu asubuyi, pamekuwa pasafi, ungeona! Niko nimepiga magoti. Chungu iko mu mikono. Mama, uniambie tu: kichwa yake iko upande gani? Nikiweke."

Mwadi akasimama mbele ya dirisha la duka la vitenge, mfuko wa unga mkononi. Watu wakampita kushoto na kulia. Mwanamke mmoja akamsukuma na kumwomba radhi.

"Mama? Unanisikia?"

"Ninakusikia. Upande wa jua linatokea, mama."

"Upande wa jua," mama akawarudia wenzake, na wanawake wakapiga vigelegele. Mwadi akasikia chungu kinawekwa chini, kisha maji yanamwagwa juu ya udongo, mengi, bila haraka. Kisha sauti ya mama yake ikawa mbali kidogo na simu, akiwaambia wajukuu: "Munaona hapa? Na miye mutanilaza hapa hapa, karibu na mama yangu. Munasikia?" Akarudi kwenye simu, anahema kwa furaha. "Na weye umesikia, mama? Hapa hapa."

"Ndiyo, mama," Mwadi akasema.